Nyuzi Zilizotoka Dar

Basi la Njombe lilipotoka Songea ile Jumamosi Kuu ya mwaka 1993, mwalimu wa kwaya aliyeketi mbele yangu alikuwa ameshaanza kufunga nyuzi mpya kwenye gitaa, huku akimsimulia mama aliyekaa naye, ingawa hakuulizwa.

"Maduka yetu haya, mama, bure kabisa. Gitaa hili la kwaya yetu ya Madaba tulilitundika Jumatano ya Majivu, maana Kwaresima halipigwi. Nikamwagiza kondakta wa basi la Dar aninunulie nyuzi Kariakoo. Zimefika leo asubuhi, na kesho Pasaka."

"Kwaresima nzima," alisema yule mama. "Na ulijuaje za kuagiza?"

"Kuna baba mmoja ana duka pale sokoni Songea. Alinikalisha mchana kutwa, akanifundisha kuzifunga, akaniandikia na namba za nyuzi kwenye karatasi."

"Ukanunua nini kwake?"

Mwalimu alikohoa. "Za Dar ndizo zenyewe, mama."

"Huyo baba ni mume wangu. Siku hiyo ugali wake ulipoa kwa ajili yako. Mnakuja kushika, kujaribu, kuuliza, halafu mnanunua Dar. Tukifunga duka mtamwuliza nani, kondakta?"

Mwalimu aliukaza uzi wa mwisho, ule mwembamba, kwa hasira, nao ukakatika. Nilitazama dirishani, kwa heshima.

Basi liliposimama Gumbiro, yule mama alichukua kikapu chake.

"Dukani zipo," alisema, "ila Songea tumeshaiacha nyuma. Agiza Dar, mwanangu. Utaupata Pentekoste."