Ziwa Lililomlea Mtoto wa Mwenzangu

Assalamu alaykum, kina mama. Aliyenialika kanambia nije niwape moyo. Moyo ninao, ila una nyongo ndani. Mtanistahamilia.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikaa na kijiwe katika ziwa la kushoto msimu mzima wa karafuu, sikumwambia mtu. Nikasema maziwa yameganda. Maziwa gani, na mwanangu wa mwisho keshaota magego! Lakini ndivyo tulivyo: ziwa likivimba, maziwa, likiuma, maziwa. Nikalikanda kwa maji moto mpaka likatoa damu. Hapo ndipo nikapakiwa meli kwenda Unguja.

Wakalikata lote, na nyama ya kwapani. Nikamuuliza daktari, "Halirudi?" Akasema kwao Ulaya wapo wanaojaribu kutia sponji ndani ya kifua, ila wengine huwagandia, ikawa ngumu. Nikamwambia ahsante, jiwe moja lilinitosha.

Nikarudi, mkono hauinuki hata kuchana nywele. Mume wangu, simtaji jina, na nyie msigeuke kutazamana, aliona kovu mara moja tu, akahamishia mto wake barazani. Mwezi haujesha, talaka. Wifi yangu naye akapita akisema kaka yake hawezi kuishi na nusu mwanamke. Hilo sijamsamehe. Msinihimize, sikuja kwa hilo leo.

Eda ikesha, na mie bado nimejifungia. Harusi siendi, hitima siendi. Nikitoka kuteka maji najitanda kanga mbili kwenye jua kali, upande ule usionekane bapa.

Asubuhi moja akaja binti wa jirani. Mamake alifariki akimzaa, nikamnyonyesha mie pamoja na mwanangu wa kwanza. Akasema, "Mama, naolewa. Nani atakaa mahali pa mama?"

"Katafute mwenye maziwa mawili."

Akanikazia macho. "Mie nililelewa na hilo lililokatwa. Kama ni aibu, basi mie nimekuzwa kwa aibu."

Nililia, jamani. Tangu Unguja sikuwa nimelia.

Ana cherehani, yule. Akanishonea ziwa la kitambaa, akalijaza sufi. La kwanza lilipanda mpaka shingoni, tukacheka hadi tukakaa chini. Akalifumua, akatia na gao la mtama, kiganja kimoja cha kulipa uzito, likatulia mahali pake. Siku ya harusi nikakaa pa mama. Wifi akaja mbele yangu, macho kifuani. Nikamwambia, "Hesabu, wifi. Hesabu tena."

Basi, shukrani zangu ni kwa binti huyo. Na kwa daktari, aliyenikata nikapona, ingawa uchungu wake ninao mpaka leo. Waliokimbia siwashukuru.

Na nyie, shikeni hili moja: ziwa lisilonyonyesha halina maziwa ya kuganda. Ukikuta kijiwe usikikande, usikifiche. Mie nilikificha mpaka kikala ziwa zima. Kule Unguja waliniambia ningekwenda mapema, huenda kingekatwa kijiwe tu, ziwa likabaki.

Nimeshamaliza. Ila wewe uliyejishika kifua nilipotaja jiwe, na hujautoa mkono mpaka sasa, sikutazami. Kesho asubuhi nakwenda hospitali ya mjini Chake. Nipitie, tufuatane.