Risala ya Wakazi wa Nyumba za Sabuni Kuhusu Filamu Iliyonunuliwa Ikatoweka

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa kampuni inayotuletea filamu kwa intaneti, ujumbe uliofuatana nawe, mwenyekiti wetu, na nyinyi majirani mliokosa viti mkajaa mpaka kwenye ngazi:

KARIBU

Sisi wakazi wa Nyumba za Sabuni tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua umekuja kufungua kituo cha kuhudumia wateja, na utepe tumeuona pale mlangoni. Chumba hiki ulichoketi, chenye rangi mpya na kiyoyozi, kwa miaka ishirini kilikuwa duka la kukodisha diski za filamu. Ndiyo maana wengi wetu tulipoingia leo tuligeukia kushoto bila kufikiri. Rafu za filamu mpya zilikuwa kushoto.

Tuanze kwa kukiri. Wiki iliyopita ofisi yako ilituletea mfano wa risala, imepigwa chapa vizuri, na nafasi ya kujaza jina letu. Tuliisoma kwa heshima. Ilisema tumefurahi mara saba. Tumeiweka kando, si kwa dharau. Jumapili nne zilizopita tulipatwa na jambo lililotushtua, mpaka leo hatujakaa sawa, na tuliona mgeni akija akaondoka bila kulisikia tutakuwa tumemlaghai.

TULIKOTOKA

Nyumba hizi nane zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Kiwanda kilifungwa, sisi tukabaki. Miaka kumi na minane iliyopita, kiwanda kikiwa bado kinafanya kazi, walikuja watu wa kutengeneza filamu. Walikaa wiki tatu. Walitumia ua wetu, kamba zetu za nguo, na baadhi yetu wakatutia humo. Mimi ninayesoma, fundi cherehani na katibu wa umoja huu, ninaonekana nikipita na ndoo. Napita mara moja tu, lakini napita vizuri.

Fundi wa boila, lile tangi la mvuke la kiwanda, yeye alipewa maneno ya kusema. Anafungua mlango wa chuma, anajifuta jasho, anasema: "Ingieni haraka, joto linatoka, na joto ndilo linalotulipa mshahara." Kisha anacheka. Basi. Miezi miwili baadaye alifariki kwa homa ya mapafu, mkewe akiwa na mimba ya miezi mitano. Mke huyo alijifungua wasichana wawili, nasi tukamwita Mama Pacha. Mkunga alikuwa ameandaa nguo za mtoto mmoja. Yule wa pili alipotokea chumba kizima kilipiga kelele, na jina la utani likamganda hapohapo: Nyongeza. Dada yake tunamwita Mkubwa, kwa dakika kumi na moja alizomzidi.

Filamu ilipotoka kwenye diski, mwenye duka hili aliinunua. Huyu tunamwita Miwani, kwa kuwa anavaa mbili, moja machoni na moja kwenye paji la uso. Kila diski aliiandikia namba kwa kalamu nyekundu, na kila mteja alimpa somo: "Shika pembeni, usiishike usoni. Hata wewe hupendi kushikwashikwa uso." Filamu ya kwetu ilikuwa namba 318. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa mabinti, Mama Pacha aliikodi. Miwani alitaka kumpa iwe yake kabisa. Mama akakataa: "Iache dukani. Kwangu itavunjika." Watoto wale walimjua baba yao hivyo, kwa mlango wa chuma, sentensi moja na kicheko.

TULIYONUFAIKA NAYO

Mgeni rasmi, huduma yako ilipofika hatukuipinga. Tuliikimbilia. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa karibu bure, na tuseme haki, imetusaidia. Mlinzi wa geti anayelala mchana huangalia filamu saa anayotaka. Jirani yetu asiyesikia anasoma maneno chini ya picha, kitu ambacho diski nyingi za Miwani hazikuwa nacho. Na hakuna tena faini ya kuchelewesha, iliyowafanya baadhi yetu tuzunguke nyuma ya majengo ili tusipite mbele ya duka.

Mwaka jana kamati yetu ilikaa ikapiga hesabu kwa mikate, maana mkate kila mtu anaujua bei yake. Kukodi diski moja kulikuwa nusu mkate. Nyumba inayoangalia filamu mbili kila siku ingemaliza mikate thelathini kwa mwezi. Kwako wewe, ada pamoja na bando, ni mikate kumi na minane. Hapo umeshinda. Lakini nyumba inayoangalia filamu moja kila Jumamosi ilikuwa ikimlipa Miwani mikate miwili, na wewe, hata kwa bando dogo, inakulipa tisa. Tulipohesabu nyumba, wengi wetu tulikuwa wa Jumamosi. Tulitazamana. Tulikuwa tunalipa mikate tisa kwa filamu nne, na tulishaacha duka likafa. Miwani alifunga miaka miwili iliyopita. Siku anatoa rafu, tulimsaidia kubeba, tukampa pole, tukarudi ndani kuangalia filamu zako.

YALIYOTUSHTUA

Mama Pacha alikuwa na akili ya mbele. Filamu ya kwetu ilipoonekana kwenye huduma yako, palikuwa na vitufe viwili: Kodi na Nunua. Akabonyeza Nunua, akalipa mara nane ya bei ya kukodi, akatuambia kwenye ngazi, "Sasa ni yangu. Hata nikifa watakuwa nayo." Miaka miwili ikaenda vizuri.

Jumapili ile mabinti walikuwa wanatimiza kumi na saba. Tulikuwa watu kumi na wanne sebuleni kwake, wengine tumekaa sakafuni, saa tisa alasiri. Mama Pacha akabonyeza. Runinga ikaandika: *Maudhui haya hayapatikani.*

"Mama, umekosea kitufe," Mkubwa akasema.

Akabonyeza tena. Maneno yaleyale. Nyongeza akachukua rimoti, akatafuta kwa jina la filamu. Haikuwepo. Ilikuwa kama haijawahi kutengenezwa. Mtu mmoja aliyekuwa ameshika sahani aliendelea kuishika hewani.

Mama Pacha akapiga simu ya huduma kwa wateja, akaiweka sauti kubwa ili wote tusikie. Akapokea binti mwenye adabu.

"Mama, filamu hiyo imeondolewa. Mkataba wetu na wenye filamu umekwisha."

"Mimi sikukodi, mwanangu. Nilinunua."

"Ni kweli mama, naona hapa. Ila ulichonunua ni ruhusa ya kuitazama muda inapokuwepo."

"Kitufe nilichobonyeza kimeandikwaje?"

"Kimeandikwa Nunua."

"Mwanangu, nikinunua sufuria, mwenye duka akaachana na kiwanda, atakuja jikoni kwangu kuibeba?"

Yule binti akasema kwa sauti ya chini, si ile ya kazini, "Pole sana, mama." Hatumlaumu hata kidogo, na tunaomba asitafutwe.

Siku tatu baadaye kampuni ilimrudishia Mama Pacha fedha yake yote. Tulidhani atatulia. Alikuja kwangu na simu mkononi, akanionyesha ujumbe. "Wamenirudishia," alisema. "Maana yake imekwenda kweli."

Tukamwendea Miwani. Siku hizi anatengeneza redio nyumbani. Alipoambiwa, alivua miwani zote mbili. Diski zote, zaidi ya elfu mbili, alikuwa amemuuzia mkulima wa mboga mwenye bustani nyuma ya reli.

"Mkulima wa mboga anaangalia filamu elfu mbili?" Mkubwa aliuliza.

"Haangalii," Miwani akajibu. "Anafukuzia ndege."

Tulikwenda watu sita, asubuhi. Mgeni rasmi, hatujui namna ya kukueleza tulichokiona. Bustani nzima ilikuwa inamulika. Kamba zimepita kutoka mti hadi mti, na kwenye kamba, diski mamia kwa mamia zinageukageuka juani. Tulikuwa tumezitazama usiku mwingi wa maisha yetu, tumezilia, tumezigombania. Miwani alisimama kwenye tuta, akasema, "Zote zangu," akaanza kuzisoma namba moja moja kwa sauti kama anaita mahudhurio.

Mkulima hakutufukuza. Alitupatia ngazi. Siku ya kwanza hatukuipata. Siku ya pili, jioni, Nyongeza aliiona kwenye mlango wa kibanda cha mbegu, upande wa kivuli, imefungwa kwa uzi wa gunia. Wino mwekundu ulikuwa umefifia, lakini namba ilisomeka. Uso wa diski ulikuwa umekwaruzika kama sakafu ya shule.

Miwani aliiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, akaifuta kutoka katikati kwenda nje, pole pole, kwa kitambaa cha kufutia miwani yake. Akaleta deki yake kwa Mama Pacha. Filamu ikaanza. Dakika ya tisa picha ikavunjika vipande vya mraba, sauti ikakwama, ikasimama. Akajaribu kuiruka. Ikasimama tena. Sehemu ya mlango wa chuma ilikuwa imeliwa kabisa. Haikutoa picha wala sauti.

Mama Pacha akasema, "Basi, zima."

"Ngoja niingilie kwenye orodha," Miwani akasema. Ikatokea orodha: *Anza filamu. Chagua sehemu. Lugha. Tulivyoitengeneza.*

"Hiyo ya mwisho ni nini?" Mkubwa akauliza.

Miwani aliona haya. Miaka yote ile hakuwahi kuifungua. Sisi nasi tulikuwa tukiweka diski, filamu inaisha, tunatoa tukwepe faini. Kwenye huduma yako haikuwepo. Ilikuwepo filamu peke yake. Akabonyeza.

Fundi wa boila akatokea, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha chai mkononi. Si yule wa kuigiza. Ni yeye. Mtu asiyeonekana anamuuliza habari za nyumbani, naye anajibu:

"Mke wangu anatarajia. Kliniki wanasema mmoja. Mimi nawaambia wawili. Lile tumbo nalijua. Nimeshanunua vikombe viwili vya bati, kimoja chekundu kimoja bluu, nimevificha kwenye kabati langu hapa kazini. Akijua atanicheka."

"Na akija mmoja?"

"Atakunywa kwa zamu."

Mama Pacha alishika meza. "Waliniletea sanduku la vitu vyake vya kazini baada ya mazishi," alisema. "Vikombe viwili. Nikadhani ni vya chai yake na mwenzake wa zamu. Cha bluu nikampelekea mwenzake." Akakaa chini. "Mimi mwenyewe sikujua ni wawili. Yeye alijua."

Nyongeza alikuwa amesimama karibu na runinga kiasi kwamba mwanga ulikuwa usoni kwake. Akasema, "Kumbe nilikuwa nimehesabiwa."

Hakuna anayemwita tena kwa jina lile. Tumeliandika hapa ili ulielewe, na ni mara ya mwisho.

TUNACHOOMBA

Hatuombi fidia. Fedha ya Mama Pacha ilirudi yote, na tunashukuru.

Tunaomba kitufe kiandikwe kinachofanya. Kama ni kukodi kwa muda mrefu usiojulikana mwisho wake, kiandikwe hivyo. Watu wazima tutasoma na tutaamua.

Tunaomba filamu ikikaribia kuondolewa, aliyeilipia aambiwe mapema, hata wiki mbili. Mama huyu angeita watoto wake wakaaga.

Tunaomba pia kampuni yako, inayojua wenye filamu wako wapi, iwatafute kwa niaba yetu. Huenda wana nakala nzima, yenye mlango wa chuma. Sisi tumeandika barua tatu kwa anwani iliyo kwenye kasha la diski alilolitunza Miwani, na zote zimerudi.

Na ombi hili tulibishana kama tulitamke. Ukuta wa kushoto wa chumba hiki bado hauna kitu. Mkulima amekubali kuturudishia diski ambazo hazijaharibika, tumpe karatasi za kung'aa badala yake. Miwani yuko tayari kuja siku mbili kwa wiki. Tunaomba ukuta huo. Anayetaka kila siku ataendelea kukulipa wewe, na sisi wa Jumamosi tutakuwa na pa kwenda.

Mgeni rasmi, kwa kawaida sasa tungekupa zawadi. Hatukuandaa. Badala yake, deki iko mezani mbele yako, na diski imo ndani. Ni dakika nne tu za fundi wa boila. Tunakuomba kabla ya kukata utepe uangalie pamoja nasi, na usipoona vizuri, sogea, tutakupisha. Mabinti wote wawili wako hapa, na watabonyeza wenyewe.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe usikivu katika kazi yako, na awatunze wote unaowapenda mahali ambapo hawawezi kufutwa.

Ni sisi,
Umoja wa Wakazi wa Nyumba za Sabuni.