Nilipewa Sehemu ya Mjumbe

Mama mwenyekiti, asante kwa nafasi. Umenipa dakika kumi, na wote hapa mnajua mimi ni mwalimu, dakika zangu kumi ni ndefu kuliko za watu wengine. Mnivumilie. Nimekaa na nyinyi kina mama wa kanisa hili la Yamumbi karibu mwaka mzima nikisikiliza shida zenu, nikilia nanyi, na yangu nimekuwa nikiikalia tu. Leo naitoa. Sitataja jina la mtu, hata la marehemu, kwa sababu wengine wa hadithi hii tunaimba nao kwaya moja.

Nilianza chuo hapa mjini Eldoret nikiwa na miaka arobaini na mbili. Nilikuwa na cheti tu cha kufundisha shule ya msingi, nikasema hata mimi nitavaa lile joho. Nikachagua fasihi. Sisi walimu tunasoma shule zikifungwa, kwa hivyo likizo yangu ikawa darasani. Mume wangu alinicheka. Yeye alikuwa fundi wa trekta na mashine za kuvuna mahindi, mikono imejaa grisi siku zote. Aliniambia, "Na umri huo unaenda kusomewa hadithi?" Lakini nikirudi jioni ananiuliza, "Haya, leo mlisoma nini?" na lazima nimsimulie mpaka mwisho. Nikikatiza katikati ananuna kweli.

Mwaka wangu wa pili, wakati wa kuvuna, alianguka kando ya trekta. Upande mmoja wa mwili ukafa. Tukamkimbiza hospitali. Alikuwa anaweza kutoa neno moja moja, kwa shida, na neno alilotoa lilikuwa hili: "Mwiteni." Sote tulijua anamtaka nani. Tuna binti mmoja tu, na wakati huo alikuwa Kidato cha Nne, shule ya bweni upande wa Moiben, katikati ya mtihani.

Sasa hapo, ndugu zangu, nawaambia, mnajua vile sisi hufanya. Mtoto wa mtihani haambiwi. Hakuna boma hapa ambalo halijafanya hivyo. Tulikaa kwa benchi nje ya wodi: mama mkwe wangu, shemeji zangu wawili, mzee mmoja wa kanisa. Wakazungumza weee, kisha wakanigeukia. "Wewe ndiye mwalimu. Unasemaje?" Ningesema aletwe, angeletwa siku hiyo hiyo. Nikasema aachwe amalize, kesho ana Kemia.

Siku nne. Kila akiuliza namwambia, "Anakuja, yuko njiani." Siku ya nne, saa nane mchana, akaenda. Nikampigia mwalimu mkuu simu, nikamwomba binti yangu asikaribiwe na mgeni wala asipewe simu ya mtu. Mwalimu mkuu akaniambia, "Pole sana Mama, tutamlinda." Kulinda! Jumamosi tukamzika nyuma ya nyumba, na Jumatatu mtoto wangu akaingia kwenye Biolojia hajui kitu.

Alipomaliza, baba yake mdogo akamleta. Alishuka na sanduku lake, anacheka, sare imejaa sahihi za wenzake za kuagana. Akauliza, "Baba ako wapi?" Akazunguka nyumba akimtafuta, akaona udongo mpya na mashada yaliyokauka. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Lini?" Nikamwambia siku. Akahesabu kwa vidole. "Historia," akasema. "Nilikuwa naandika Historia." Kisha akauliza alikufa vipi.

Na mimi, mama yake, nikamwambia, "Ghafla. Alianguka tu, hakusema neno."

Mnaona? Sikutosheka na kosa la kwanza. Nikaongeza la pili juu yake.

Baada ya wiki moja alifunga nguo zake akaenda kwa shangazi yake mjini Burnt Forest, anayenunua viazi kwa wakulima na kuviuza. Simu zangu hakushika. Nikimpigia shangazi, nasikia kwa mbali, "Mwambie nimemsalimia." Mtoto niliyemzaa ananitumia salamu kama jirani wa zamani.

Nilianguka, kina mama. Desemba sikuenda chuo. Aprili sikuenda. Nilifundisha kwa sababu ya mshahara, lakini watoto wa darasa la nne walikuwa wananiambia, "Mwalimu, umeandika hiyo jana." Nililala na nguo nilizoshinda nazo. Maombi mlikuja mkaniombea, na wengine wenu niliwafungia mlango nikiwa ndani. Samahani. Ndiyo, nilikuwa ndani.

Aliyenitoa ni mwanafunzi mwenzangu, mwalimu kutoka upande wa ziwa, mtu mpole mwenye kicheko kikubwa. Julai alikuja nyumbani na mke wake, wameniletea nakala za masomo yote niliyokosa, zimefungwa kwa uzi. Akasema, "Mama, jina lako liko kwa orodha bado. Kila likizo wanaliita, na mimi nawaambia anakuja." Hilo neno "anakuja" lilinichoma, yeye hakujua. Agosti nikarudi darasani, nusu kwa aibu, nusu kwa hasira.

Na ni nini nilikuta? Wagiriki! Kozi ya likizo hiyo ilikuwa michezo ya kuigiza ya huzuni ya Wagiriki wa kale pamoja na riwaya za siku hizi. Nikajiambia, mimi nimebeba msiba mzima kichwani, halafu nije nisomewe misiba ya wazungu wa zamani? Karibu nirudi nyumbani. Ukaidi tu ndio ulinikalisha.

Mhadhiri wetu ni mama mfupi, mkali, hacheki ovyo. Alitueleza kwamba kwenye michezo ile, kwa kawaida mtu hafi mbele ya watazamaji. Anafia mbali. Halafu anaingia mjumbe. Kwa kawaida hana hata jina, ni mtu tu aliyekuwepo akaona. Anasimama mbele ya familia na anasema yote, tangu mwanzo mpaka mwisho: alianguka wapi, alishika nini, alisema nini, nani alikuwa karibu na hakufanya kitu. Ili tuelewe, akatutungia kipande chake mwenyewe kwa mtindo huo, akatugawia sehemu. Mimi akanipa mjumbe.

Nilikataa. Nilisimama nikamwambia, "Mwalimu, huyu mtu hana adabu. Kwetu habari kama hii ina utaratibu. Kwanza unaambiwa mgonjwa amezidiwa. Unakalishwa. Unapewa maji. Unaitiwa watu. Haurushiwi mambo usoni namna hii." Darasa lote likanipigia makofi. Walimu wazima, wengine wana wajukuu, wanaitikia, "Kweli kabisa, Mama!"

Mhadhiri akasema, "Sawa. Ilete kwa utaratibu wa kwenu."

Nikaileta. Nikamwendea msichana aliyepewa sehemu ya binti wa marehemu, kijana wa miaka ishirini na kitu, nikaanza: baba hajisikii vizuri, amezidiwa kidogo, wazee wako naye, usijali, wewe kaa tu. Watu wakacheka, kwa sababu kila mmoja aliwahi kuambiwa hivyo au kuwaambia wengine hivyo. Nikamaliza. Ilikuwa zamu yake kunijibu. Akatazama karatasi yake, akanitazama, akamgeukia mhadhiri.

"Mwalimu, sina la kujibu," akasema. "Hajaniambia kitu. Sasa mimi nitalia nini?"

Jamani. Alikuwa anauliza swali la darasani tu, maskini ya Mungu, hakuwa na nia mbaya. Lakini mimi niliona udongo ule mpya na vile vidole vikihesabu. Nikakaa chini. Wakanipa maji. Nikakaa kama dakika tano hivi, kisha nikasimama nikamwambia mhadhiri, "Nataka kuisoma ilivyoandikwa." Nikaisoma yote. Sikuruka neno, na yule msichana akalia machozi ya kweli.

Wiki iliyofuata tukaingia kwenye riwaya ya siku hizi. Msimulizi wake anaficha jambo alilolifanya mpaka karibu na mwisho wa kitabu. Wenzangu wakamsifu kwa ujanja. Mimi kwenye insha yangu nikaandika kwamba hana ujanja wowote, ni mwoga, na kwamba kila ukurasa anaouongeza unamfanya mtu mbaya zaidi. Mhadhiri aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Unamjua vizuri mtu huyu. Endelea." Nikasoma maneno hayo nikasikia joto mpaka masikioni. Nilimjua, ndiyo. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, ni mimi mwenyewe.

Jumamosi nikaenda Burnt Forest. Nilimkuta stoo kwa shangazi yake akichagua viazi, vikubwa huku, vidogo huku. Akasema, "Habari yako," bila kusimama. Shangazi akaleta kiti. Sikukaa. Nikamwambia, "Baba yako hakufa ghafla. Nilikudanganya. Aliishi siku nne na alikuita siku zote nne. Familia iliniuliza mimi kama uletwe, na mimi ndiye nilisema hapana. Si nyanya yako, si baba zako wadogo. Ni mimi." Nikaendelea. Nikamwambia alilala upande gani, nesi alimgeuza saa ngapi, ni mara ngapi nilimdanganya kwamba yuko njiani, na vile siku ya mwisho alikuwa anatazama mlango kila ukifunguliwa. Hiyo ya mlango nilitaka sana kuiacha. Nikaisema.

Alisimama na kiazi mkononi. Akapiga kelele ambayo hakuipiga siku ile ya kaburi. "Siku nne! Mama, siku nne! Moiben ni mbali?" Nikasema, "Si mbali." Akaniambia nitoke, nikatoka. Sikumwomba msamaha pale, kwa sababu ningemwomba angeanza kunihurumia, na siku hiyo ilikuwa ya baba yake. Nikalia njia nzima mpaka Eldoret, na sikujali nani ananiona.

Siku kumi na mbili simu kimya. Nikajua nimempoteza, na bado sikujuta kumwambia. Siku ya kumi na tatu, jioni, nikiwa nasahihisha madaftari, akapiga. Hakunisalimu.

"Mama. Alisema 'mwiteni' kwa Kiswahili ama kwa lugha yetu?"

"Kwa lugha yetu."

"Sema vile alisema."

Nikasema, polepole, kama kwa ule mdomo wake uliopinda, vile nilivyosikia. Nikasikia anapumua. Kisha akasema, "Tena."

Sitawadanganya, hajarudi kuishi nyumbani. Lakini kila Jumapili anapiga, anauliza swali moja, na mimi namjibu. Mwezi uliopita alikuja, akakaa kando ya kaburi peke yake karibu saa moja, kisha akaingia jikoni akala. Chuoni nimebakiza mwaka mmoja. Namshukuru yule mwalimu wa kutoka ziwani na mke wake, kwa ule uzi na zile nakala. Namshukuru mhadhiri, na yule msichana asiyejua alichonifanyia. Shangazi wa Burnt Forest, aliyemlea mwanangu bila kunisema vibaya, Mungu akuzidishie. Nanyi mliobisha hodi nikajificha, asanteni kwa kurudi.

Ningeishia hapo, lakini Alhamisi tuliombwa hapa kumwombea mume wa mmoja wetu, aliyelazwa hospitalini, na tukaambiwa kwa sauti ya chini tusitume ujumbe wowote kwa simu, kwa sababu mtoto wake yuko kwenye mtihani. Sote tukatikisa kichwa kukubali. Hata mimi nilitikisa, na sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Dada, uko hapa na sitakutaja. Mtihani huwa unarudiwa, nimeona watu wakiurudia na ndevu. Wazee wakiuliza ni nani aliyekushauri, waambie ni mimi, nitakuja kukaa mbele yao. Nimeshaomba ruhusa kazini. Kesho tutaenda shuleni kwake pamoja, mimi nitabaki nje, wewe utaingia umwambie yote, kisha tutamleta. Saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni kwako. Vaa viatu tu, twende, baba yake bado anapumua.