Daktari wa Mipapai: Maisha ya Kaka Yetu Solomon Wanjala Khaemba, 1967–2025

Wapendwa mliofika hapa Brooklyn Center, Minnesota, leo, Jumamosi tarehe 17 Mei 2025, familia ya Mzee Francis Khaemba inawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kutushika mkono. Mimi naitwa Rahab. Ninamfuata marehemu kuzaliwa, na ninaishi kule Anoka. Nimepewa kazi hii kwa sababu nina sauti kubwa. Hayo ni maneno ya wifi yangu Jedidah, si yangu. Nitajitahidi kusoma kwa utaratibu. Nikishindwa, karatasi mnazo mikononi, endeleeni bila mimi.

Solomon Wanjala Khaemba alizaliwa tarehe 3 Juni 1967 huko Chwele, Kaunti ya Bungoma, nchini Kenya. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne wa Mzee Francis na Mama Naliaka, ambao wote wametangulia mbele za haki. Wenzake walipokuwa wakicheza mpira wa makaratasi, yeye alikuwa nyuma ya jiko akizika mbegu kwenye mikebe ya Kimbo. Mama alikuwa akipiga kelele kwamba hana pa kuwekea mafuta. Tulimcheka sana.

Alisoma shule ya msingi hapo Chwele, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1980, na akamaliza kidato cha sita mwaka 1986. Mzee alitaka awe wakili. Alipopata nafasi Chuo Kikuu cha Egerton kusomea kilimo cha matunda, Mzee alinuna wiki nzima, akauliza, "Nimekupeleka shule miaka yote hiyo urudi shambani?" Solomon akamjibu kwa adabu kwamba ndiyo, baba, ila nitarudi nikijua ninachofanya. Alihitimu mwaka 1992, akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa matunda Thika, na huko akakaa miaka kumi na mitatu.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Jedidah Nasimiyu, nesi, katika kanisa moja mjini Kitale. Mungu akawajalia watoto wawili: Brandon mwaka 2000 na Fiona mwaka 2003. Mwaka 2004 Jedidah alipata kadi ya kijani, kibali cha kuishi Marekani, akaja Minnesota na watoto. Mpango ulikuwa Solomon afuate baada ya miezi michache. Badala yake, mwaka 2005 alipata kandarasi ya miaka mitatu kisiwani Dominica, huko Karibi, kuwafunza wakulima utunzaji wa matunda. Ile miaka mitatu ikazaa kumi na miwili. Alikuwa anakuja hapa kila Krismasi na kila likizo, na kila mara sisi wanawake wa ukoo tulimkalia kikao. Jedidah ni shahidi, tena yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti.

Kazi yake huko ilikuwa mipapai, mistafeli, miembe, michungwa na mishelisheli. Aliwafundisha watu kupanda miche mitatu ya mpapai kwenye shimo moja, wasubiri itoe maua, kisha wang'oe ile ya dume isiyozaa hata ikiwa imenawiri kuliko mingine. Aliwafundisha kupogoa mwembe ukiwa bado mdogo ili matunda yafikiwe na mkono na upepo usipate pa kushika. Zaidi ya yote aliwafundisha kuukata mti uliougua siku ileile ugonjwa unapoonekana, kabla haujaambukiza shamba zima. Hilo ndilo liliwauma. Kuna mzee mmoja, Rigobert, aliyesimama mbele ya mpapai wake na panga, akamwambia akitaka kuukata aanze na yeye. Solomon alikaa chini na mzee huyo tangu asubuhi hadi saa nane mchana, hakubishana naye, mpaka Rigobert mwenyewe akainuka na kuukata. Tangu siku hiyo wakawa ndugu. Huko walimwita Daktari wa Mipapai, na alilipenda jina hilo kuliko cheti chochote.

Kaka yetu hakuwa mtu wa kubembeleza. Mkulima akimuuliza kama mti utapona, na yeye anaona hautapona, alimwambia hivyo wazi. Sisi tulimwambia ana mdomo mkavu. Yeye alisema mtu akidanganywa leo, kesho atapoteza miti arobaini.

Septemba 2017 kimbunga kilipiga kisiwa kile kikafagia kila kitu. Siku kumi na moja hatukusikia sauti yake. Jedidah alikwenda kazini siku zote hizo kumi na moja, kwa sababu akikaa nyumbani angepata wazimu. Simu ilipoingia, Solomon hakusema habari zake. Alisema, "Miti imelala lakini mizizi bado iko ardhini. Tukiwahi kuiinua, itaishi." Jedidah akamwambia neno ambalo haliandikwi kwenye karatasi ya kanisa. Alibaki miezi minne. Waliinua miti kwa kamba, wakaiegemeza kwa magogo, wakapaka mashina chokaa ili jua lisiyaunguze kwa kuwa hayakuwa tena na majani ya kuyafunika. Alipoona imeanza kuchipua, ndipo akafunga mzigo. Alifika hapa tarehe 20 Januari 2018, katika baridi ya theluji, na koti la mvua tu.

Hapa alipata kazi kwenye ghala moja la matunda huko Plymouth, akikagua maembe na mapapai yanayotoka nchi za joto. Alikuwa akishika embe ananusa kikonyo, anasema lilivunwa wiki moja kabla ya wakati wake, na anasikitika kama vile ni mtoto wa mtu. Majira ya kuchipua ya kwanza aliona shina la mtofaa wa jirani limepasuka kwa jua la majira ya baridi. Hakuuliza mtu. Alichukua rangi nyeupe akaichanganya na maji, akaupaka. Jirani huyo, Bi Susan, alitoka nje akapiga kelele hadi mtaa mzima ukajua. Mwaka uliofuata aligonga mlango akauliza kwa upole kama Solomon anaweza kuja kupaka na ile mingine miwili. Bi Susan yuko hapa leo, ameketi safu ya tatu. Asante kwa kuja, mama.

Sasa nafika mahali ambapo sikutaka kufika.

Kwenye nakala ya kwanza ya wasifu huu niliandika kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Nimefuta. Tarehe 11 Februari mwaka huu daktari alimwambia ana saratani ya kongosho, na kwamba imeshaingia kwenye ini. Hakumwambia mkewe. Hakumwambia mtu yeyote wa nyumba yake. Na nyumba yenyewe ni ipi? Jedidah ni nesi. Mimi ni nesi. Brandon anafanya kazi chumba cha eksirei. Kutwa tunawapima wagonjwa wa watu wengine, tunaandika nani amepungua kilo na nani hakumaliza chakula chake. Solomon alitoboa mkanda wake matundu mawili mapya kwa msumari, na sisi tukamsifu kwamba ghala limemkata kitambi. Nilimsifu mimi, kwa mdomo huu.

Tarehe 22 Aprili alianguka kazini. Tuliyajua yote siku hiyo, hospitalini, kutoka kwa daktari aliyedhani tumeshajua. Brandon alimuuliza kwa Kiingereza, huku analia, kwa nini hakutuambia. Akasema alitaka tukae kawaida kidogo. Ndipo tukaelewa kwa nini tangu Machi alikuwa ameacha kazi za Jumamosi, akawa anamfuata Fiona kila duka la nguo za harusi, yeye ambaye hata soksi alikuwa ananunuliwa. Harusi ya Fiona ni tarehe 16 Agosti. Aliletwa nyumbani, na tukamuuguza sisi wenyewe siku zilizobaki. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Jedidah. Alikuwa amebakiza siku ishirini na tano kutimiza miaka hamsini na minane.

Jumapili iliyofuata Mzee Rigobert alipiga simu kutoka Dominica kutupa pole. Jedidah aliiweka kwenye spika, sebule imejaa watu. Mzee alilia kwanza. Kisha akasema kwamba yeye alijua tangu Machi. Nilikasirika, ndugu zangu, niliwaka. Mgeni wa ng'ambo ajue, sisi wa tumbo moja tusijue! Nikamuuliza, "Mzee, na wewe hukumshauri atibiwe?" Akasema alimshauri, alimsihi sana. Lakini Solomon alimjibu kwamba ameshamuuliza dadake, ambaye ni nesi, na dadake amemwambia ukweli.

Nilikuwa nimeshika sahani ya chapati. Sijui niliiweka wapi.

Rigobert akaendelea, hajui anaongea na nani. Akasema huko kwao mkulima anayeona aibu ya ugonjwa shambani kwake haji kusema mti wangu unaumwa. Anakuja kusema jirani yangu ana mpapai wenye madoa, je, afanye nini? Akasema, "Sote tulimuuliza Daktari habari za jirani. Alijua kila mara kwamba hakuna jirani. Na yeye mwenyewe ilipomfika, akafanya kama sisi."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ilikuwa Jumapili tarehe 23 Februari, alasiri, kwangu Anoka. Nilikuwa nimetoka kupiga shifti mbili mfululizo, saa kumi na sita. Solomon alikuja, akanikuta nimejilaza kwenye kochi na viatu vya kazi, akaniambia nisiamke. Akaosha vyombo vyangu. Akiwa pale kwenye sinki, akaniambia, "Rahab, kuna jamaa pale kazini amepatikana na saratani ya kongosho, na ini limeguswa. Ungekuwa wewe, ungemwambiaje?" Sikufungua hata macho. Nikasema, "Ningemwambia aende nyumbani akae na watoto wake. Hiyo haina dawa. Chemo itamtesa bure." Akamaliza vyombo, akavikausha, akasema, "Asante, nesi." Nikalala.

Sikuuliza huyo jamaa ana miaka mingapi. Sikuuliza ana nguvu kiasi gani, kama amemwona daktari wa pili, kama ana binti anayeolewa. Mgonjwa yeyote nisiyemjua, wodini kwangu, ningemuuliza hayo yote, kwa sababu ndiyo kazi yangu na naifanya vizuri. Dawa isingemponya, nalijua hilo. Lakini mtu wa umri wake, aliyekuwa bado anabeba makasha, pengine ingemfikisha Agosti. Hilo pia nalijua. Na kwa siku kumi na saba nilimgeuza, nikamwosha, nikamkata kucha, na hakuniambia hata mara moja kwamba alifuata neno langu. Aliniacha nimuuguze kwa moyo mweupe.

Kaka, nisamehe. Nilikuwa nimechoka. Sikujua ni wewe.

Jumatano mchana niliwaeleza Jedidah na watoto. Jedidah alinishika kichwa akakiweka kifuani pake. Fiona alitoka, akaingia kwenye gari akaondoka. Sikumlaumu. Alhamisi nilimalizia kuandika karatasi hii, na nilipofika kwenye orodha ya waliobaki, niliandika hivi: Marehemu ameacha mjane, Jedidah Nasimiyu; wana wawili, Brandon na Fiona; kaka mkubwa aliyeko Chwele; mdogo wetu wa mwisho, Maureen, aliyeko Eldoret; na rafiki yake mpendwa, Mzee Rigobert wa Dominica. Jina langu sikuliweka. Nilifikiri kuna mambo ambayo mtu akiyafanya, anajitoa mwenyewe kwenye orodha.

Jana asubuhi, kabla karatasi haijaenda kuchapwa, Fiona alikuja kwangu. Hakunisalimu. Aliomba aone nilichoandika juu ya babake, akasoma yote akiwa amesimama mlangoni na koti lake. Kisha akaomba kalamu. Mtoto huyu tangu azaliwe nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza. Alibandika karatasi ukutani, akaandika kwa mkono wake, baada ya kaka mkubwa: "na dada yake, Senge Rahab." Senge ni shangazi, kwa lugha yetu. Akanirudishia kalamu yangu, akasema tarehe 16 Agosti nitatembea naye upande ambao baba yake angekuwa.

Bwana ampokee Solomon Wanjala Khaemba, na ampe usingizi usio na maumivu. Nimemaliza.