Nilikuwa na Mbio, Mpira Sikuuona

Ndugu zangu, amani ya Bwana iwe kwenu, na jina lake lipewe sifa katika kanisa hili. Naitwa Nsimire, mzaliwa wa Kasha, hapa Bagira. Wengi mnamjua mama yangu, Maman Furaha, anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, pale sokoni Nyawera. Mimi ninacheza mpira. Ndiyo kazi inayonilisha, na leo nataka kuwaeleza jinsi kazi hiyo ilivyotaka kuniponyoka, na jinsi Mungu alivyoniokoa.

Mbio ninazo tangu utoto. Njia za Kasha mnazijua, matope na milima tu. Nilikuwa napanda pale na bidoni iliyojaa maji na kuwaacha wavulana nyuma. Ndiyo maana kocha wa timu moja ya wanawake ya divisheni ya kwanza, aliponiona katika mashindano ya mitaa, hakuuliza mengi. Alimwendea mama, akamwambia, "Maman, huyu mutoto iko na miguu. Muniachie yeye." Nikasaini. Akaniweka winga wa kulia, kazi yangu ikiwa kukimbia pembeni na kupokea mipira mirefu nyuma ya mabeki.

Nilifikiri mbio zinatosha. Katika mechi yangu ya kwanza nilimpita beki kana kwamba amepandwa pale, na watu wakasimama kushangilia. Aline, kapteni wetu, aliyecheza miaka mingi kabla yangu, akanipigia pasi ndefu na nzuri. Nilikuwa peke yangu. Kwa zile kelele nilijua mpira unakuja, lakini sikujua uko wapi. Uliniangukia begani ukatoka nje.

Nikajiambia ni woga wa mara ya kwanza. Lakini ikawa hivyo mechi baada ya mechi. Pasi fupi za chini nilizipokea vizuri. Zile za mbali, zile hasa walizonisajilia, zilinipita juu, zilinipita pembeni, moja ilinigonga kisogoni. Watazamaji walianza kucheka: "Mumupatie barabara, musimupatie mpira!"

Tena likaja jambo lingine. Watu walianza kusema nina majivuno. Kocha alikuwa akinipungia mkono nirudi nyuma kusaidia ulinzi, mimi naendelea na safari zangu. Shangazi yangu alinipungia kutoka ng'ambo ya barabara pale Nyawera, nikapita. Akaenda moja kwa moja kwa mama. "Mutoto wako, tangu aingie mu divisheni, hasalimie tena watu." Nikaapa kwamba sikumwona. Mama aliniangalia tu, akaendelea kupanga samaki wake.

Jirani mmoja alisema nimefungwa kwa uchawi, kwamba kuna mzee wa kuniosha miguu kwa dawa. Mama alikataa. "Miguu ya mutoto wangu haina shida," alisema. Ndugu zangu, mama alisema kweli kuliko alivyojua.

Mzunguko wa kwanza wa ligi ulipokaribia kwisha, kocha aliniita kando. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Nsimire, mbio peke yake haitoshe. Kama hakuna kitu inabadilika, mzunguko wa pili nitatafuta mwengine." Nilitoka pale moja kwa moja hadi kanisani. Kikundi cha maombi kilikuwa kimekusanyika, nikapiga magoti kati yao na kulia kama mtoto. Niliomba, "Bwana, miguu hii umenipa wewe. Nionyeshe ni nini kinachokosekana." Sikusikia sauti. Nilirudi nyumbani na macho yaliyovimba, lakini moyo ulikuwa umetulia.

Kesho yake, baada ya mazoezi, Aline aliniambia, "Wewe baki. Tutafanya ile mipira mirefu." Akaenda kusimama mbali. "Nikiinua mukono, kimbia," alisema. Nikangoja. Nikangoja sana, nikashangaa kwa nini haanzi. Kumbe alikuwa ameinua mkono mara nyingi. Akasogea, akainua tena. Akasogea zaidi. Mwishowe akaja hadi mbele yangu, polepole, akanitazama usoni.

"Nsimire, kule nyuma ya goli, chini ya ule muti, kunakaa nani?"

Nikageuka. "Muti gani?"

Aline alicheka mpaka akakaa kwenye majani. Halafu akasimama, akanikumbatia kwa nguvu. "Dada yangu," alisema, "wewe hauone."

Aline ni mtu wa Katana, na kule kuna hospitali yenye daktari wa macho. Alinipeleka yeye mwenyewe. Daktari aliniambia nisome herufi zilizoko ukutani, nami nikamuuliza ni ukuta gani. Akaandika kidogo, kisha akauliza ninafanya kazi gani.

"Ninacheza mpira, docteur."

"Nafasi gani?"

"Winga."

Alivua miwani yake mwenyewe, akaifuta.

Siku niliyopewa miwani yangu, yenye vioo vya plastiki na mkanda wa kuishika kichwani, nilitoka nje nikaona ziwa. Niliona mawimbi yake. Niliona kisiwa cha Idjwi na mashamba yake mlimani. Mimi nilidhani kila mtu anaona milima kama moshi! Nililia kwenye bega la Aline pale barabarani, na wapita njia wakadhani nimefiwa.

Katika mechi ya mwisho ya mzunguko ule, kocha aliniingiza kipindi cha pili, bila tumaini kubwa. Mwamuzi alishika miwani, akaikagua, akanirudishia. Uwanja ulicheka: "Docteur ameingia!" Aline akainua mkono, nami nikauona. Nikakimbia. Kwa mara ya kwanza niliuona mpira ukitoka mguuni mwake, ukipanda, ukizunguka, ukishuka. Nilikuwa na wakati wa kuchagua! Nikautuliza kwa kifua, nikaingia ndani, nikamwona mwenzetu katikati, nikampa. Akafunga. Kocha hakutafuta mwengine.

Watu huniuliza kama mchezaji mpya mwenye mbio tu anaweza kufaulu katika mpira wa kulipwa. Anaweza. Lakini mbio zilinifikisha mahali pa kupokea mpira, na kupokea kwenyewe nililazimika kujifunza upya. Hata sasa bado ninapoteza mipira, na mguu wangu wa kushoto ni wa kusikitisha.

Wengine wataniambia ile ni miwani tu, si muujiza. Ndugu zangu, mimi niliomba kuonyeshwa, na Mungu akamtuma mtu aliyekuwa tayari kubaki nami uwanjani wakati wengine wamekwenda kuoga. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, kwa ajili ya yule daktari, na kwa ajili ya mama aliyekataa dawa za yule mzee.

Kama kuna jambo limekushinda, na umechoka kuambiwa kuwa wewe ni mvivu au una laana, usibaki nalo peke yako. Mwambie Bwana. Yeye hachoki kusikiliza. Baada ya ibada nitakuwa pale karibu na ngoma za kwaya. Njoo tu, tupige magoti pamoja.