Hapungui Kitu

Alhamisi, saa tisa na dakika ishirini alasiri, bibi alituita chumbani kwake, mama na mimi. Akaniambia nichukue daftari, niandike asemavyo, nisimpambe.

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Nyumba hii ni ya mama yako. Chumba cha uani ni chako, mjukuu wangu, uweke vitabu vyako. Begi jeusi lililo mvunguni si la mtu. Mna nyembe, pamba na spiriti. Litumbukizeni chooni, na atakayeuliza nani amerithi ungariba wangu, mwambieni sikumwachia mtu.

Miaka arobaini na moja nimekata watoto wa watu, na mama zao wakaniletea khanga kunishukuru. Tulipoambiwa kwenye semina kwamba wembe mmoja unaambukiza, nikanunua pakiti nzima, kila mtoto na wake, nikajiona mstaarabu. Wewe binti yangu, siku mbili ulihangaika leba, mtoto wako wa kwanza akazaliwa kimya, hapumui, ukamlaumu muuguzi na hadi leo humsalimii. Alisema kovu ndilo lililomzuia mtoto, nami nikamwita mwongo mbele ya watu. Alisema kweli. Kovu lile ni la mkono huu. Usilie kwanza, ngoja nimalize. Nenda ukamsalimie.

Mnajua kinachoninyima usingizi? Posa zilipokuja, hakuna aliyemtazama msichana. Waliniuliza mimi hapo barazani, nikisema yuko sawa, basi, yameisha. Neno langu tu lingetosha, wembe ukabaki kwenye karatasi yake. Niliogopa kuwa kikongwe asiyehitajika.

Kesho saa moja asubuhi mama mkwe wa fundi cherehani atamleta mjukuu wake, yule mwenye mwanya. Mama yake, huyo fundi, hataki binti yake akatwe, lakini ameambiwa chakula chake hakitaliwa na mtoto hataolewa. Msiwafungie mlango, watampeleka kwingine. Wala msidanganye kwamba tayari amekatwa, ana wadogo zake, nao wataletwa. Semeni majirani wasikie: ngariba amesema mtoto huyu hapungui kitu, asiguswe. Useme wewe, mjukuu wangu. Una sauti ya mbu, lakini huongezi chumvi.

Maji kidogo... Inatosha. Mungu aibariki mikono yenu... isimlize mtoto wa mtu. Umeandika? Asiguswe... andika tena.

Alitutoka kabla jua halijazama.

Asubuhi, saa moja kasoro dakika nane, walifika. Mama mkwe aliwaona majirani wakipanga viti vya msiba uani, akatoa pole, kisha akauliza, "Sasa huyu nani atamshughulikia?"

Nikafungua daftari, nikasoma kwa sauti, mara mbili, mpaka waliokuwa wakipanga viti wakasimama kusikiliza.

"Alisema lini hayo?" mama mkwe akauliza.

"Jana, saa tisa na dakika ishirini."

Nikavuta kiti cha bibi, nikamkalisha mtoto.