Kamba ya Katani na Baiskeli ya Mpishi

Ndugu zangu, kabla sijaanza, naomba nikiri jambo nililolikana miaka yote mnayonijua: mimi sijawahi kuwa mwanamichezo. Wengi wenu mnaamini niliwahi kukimbilia mkoa kwenye mashindano. Sikukimbilia hata chuo changu cha ualimu. Nilikuwa mrefu tu. Mkufunzi alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akasema, "Wewe, michezo," na maisha yangu yakawa yamepangwa. Chuo kikuu nilikwenda baadaye, kusomea mambo ya kukaa.

Mwenyekiti ameniomba niseme na walimu wapya wa chama chetu, hasa ninyi wawili mnaotaka kuacha kazi kabla mwaka haujaisha. Nawaelewa. Mimi nilitaka kuacha kabla wiki haijaisha.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, shule moja upande wa Magu. Palikuwa na darasa la watoto wasioona, na wachache waliopooza miguu. Nikapangiwa kuwafundisha michezo. Vifaa? Mpira mmoja, nao unavuja upepo. Mkuu wa shule alinipokea vizuri, akanieleza bila kuficha: "Mwalimu, hawa wakati wa michezo husuka vikapu. Ukishindwa usione haya. Vikapu vipo."

Vikapu! Kila alfajiri wenzao wanakimbia mchakamchaka, mwimbishaji mbele, wengine wanaitikia mpaka vumbi linatimka, na hawa wako barazani na ukindu. Nikaapa kwamba na wao watakimbia. Jamani, nawaambia, hasira si andalio la somo.

Nilichukua kamba ya katani, nikawaunga wasioona viunoni mstari mmoja, mimi nikashika ncha ya mbele. Usalama kwanza, ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Tukatoka tunaimba. Tulipofika kwenye mashamba ya pamba, mwalimu wa michezo, yaani mimi, akaishiwa pumzi. Wimbo ukakatika. Nikapunguza mwendo bila kusema neno. Wa kwanza akanigonga, wa pili akamgonga wa kwanza, na kwa kuwa tumefungwa pamoja, tukaenda chini wote kama mzigo wa kuni. Binti mmoja akachubuka goti vibaya.

Kesho yake mama yake akaja.

"Mwanangu nilimleta asome! Wewe umemfunga kama ndama!"

"Shikamoo, mama..."

"Shikamoo ya nini? Hata ndama tunamfunga ili asikimbie!"

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani, mchana kweupe, nikaanza kupanga nguo kwenye sanduku.

Yule binti akaja mlangoni, kitambaa gotini.

"Mwalimu, kamba hatuitaki."

"Hilo nimeshalielewa."

"Lakini kukimbia tunataka. Shida yako unanyamaza. Ukinyamaza tukufuate wapi?"

"Mwanangu, nikiimba siwezi kukimbia. Nikikimbia siwezi kuimba."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Basi tafuta mwenye pumzi! Si yupo yule wa magongo? Kila siku anakaa barazani kutulindia masweta, na sauti anatuzidi wote."

Nikafunga sanduku likiwa nusu tupu, nikaenda kwa mpishi wa shule, ambaye alikuwa na baiskeli. "Utanivunjia keria," akanung'unika, lakini akaitoa. Alfajiri iliyofuata tukampandisha binti wa magongo kwenye keria, mgongo kwangu, uso kwa wenzake. Mimi nikaendesha. Kuendesha niliweza, maana nilikuwa nimekaa. Yeye akaimbisha, na wale wakakimbia nyuma wakifuata sauti, mikono huru. Njia ikipinda, anawaambia humohumo ndani ya wimbo. Asubuhi ile hakuanguka mtu. Aliyelalamika ni mimi peke yangu, kwenye kilima.

Ikakaribia Saba Saba. Shule zilikuwa zinachaguliwa kwenda kuingia uwanjani kwa gwaride Mwanza mjini, na afisa mmoja wa elimu akaja kukagua. Aliwatazama wanafunzi wangu kwa ile huruma inayonikera mpaka kesho.

"Hawa watakaa kivulini. Mgeni rasmi atawagawia sabuni."

"Wakishakimbia ndipo watahitaji sabuni," nikamjibu. Mkuu wa shule akakohoa.

Nikamwomba afisa alale pale shuleni, awaone alfajiri. Akakubali shingo upande. Kulipokucha, alikuwa nje na taulo begani, baiskeli ikapita mbele yake ikiimba, na kundi zima likiitikia nyuma. Mswaki ukamganda mdomoni. Hata hivyo alisema lazima awaulize wakubwa wake, kisha atapiga simu. Alipoondoka, mkuu akanivuta pembeni. "Mwalimu wangu, wasipokubaliwa, vipindi vyako vinarudi kwenye vikapu. Sitaweza kukutetea tena."

Ndugu zangu, shukrani zangu nazitoa hapa kabla sijamaliza. Namshukuru yule mama aliyenigombeza, kwa sababu alisema kweli. Namshukuru mpishi, ambaye keria yake kweli niliivunja. Namshukuru binti wa goti, aliyenikuta napanga nguo na asiniulize nakwenda wapi. Na ninyi wawili mnaotaka kuacha, kabla hamjamfunga mtoto kwa chochote, muulizeni kwanza anafuata nini. Atawaambia. Tena atawacheka.

Sasa simu. Ilikuwa moja tu eneo lote lile, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Nikaitwa mbio, kama ningeweza mbio. Mashine zinanguruma, nikaziba sikio moja.

"Mwalimu? Wamekubali wakimbie. Ila baiskeli haimo kwenye utaratibu wa gwaride."

"Basi hatuji."

"Acha ukaidi, mwalimu. Tutatoa skauti wawashike mikono."

"Hawashikwi mikono. Wanafuata sauti. Si ulikuwepo? Ulikuwa na mswaki."

Nikamsikia akinong'ona na mtu pembeni, kisha akarudi.

"Leteni na baiskeli," akasema. "Na umwambie yule binti asiimbe kwa aibu. Uwanja ni mkubwa."